Matembezi ya Saanane: Watoto Wacheze, Wazee Wasighafilike

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kila Idi inapokaribia, na kila shule zinapofungwa, watoto wengi wa Mwanza huwaomba wazee wao wapelekwe Saanane. Wazee wengine hukataa, wakisema kwamba matembezi ni upuuzi na kupoteza fedha. Wengine hukubali upesi, kisha huwapandisha watoto chomboni kama watu wapelekao magunia sokoni, bila ya shauri wala matayarisho. Makundi yote mawili yameacha njia ya katikati, na njia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Wale wanaokataa yafaa wakumbuke kwamba dini yetu haikuharimisha furaha iliyo halali. Bwana Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.). Alimfanyia mzaha mtoto mdogo aitwaye Abu Umair, akimwuliza habari za kindege chake. Na Hanzala (r.a.) alipoogopa kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa nyumbani na watoto moyo wake hauwi kama ulivyo mbele ya Mtume, Mtume alimtuliza kwa kumfahamisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Basi mtoto ambaye hajawahi kumwona baba yake akicheka naye, amenyimwa haki yake katika nyumba ya Kiislamu.

Ama wale wanaokubali bila ya kufikiri, kwao yako mafunzo makubwa katika Suratu Yusuf. Watoto wa Nabii Yaakub (a.s.) walimwendea baba yao kumwomba awaruhusu wamchukue ndugu yao mdogo nje, apate kula na kucheza, wakaahidi kumlinda. Mzee yule hakusema kwamba mchezo ni haramu. Alisema kuwa anahuzunika kuachana naye, na kwamba achelea mbwa-mwitu asije akamla hali wao wameghafilika naye. Tazameni neno alilolichagua: kughafilika. Jioni waliporudi wakilia kilio cha uongo, udhuru wao ulikuwa kwamba walikwenda kushindana mbio, wakamwacha Yusuf penye vyombo vyao. Wao walikuwa waongo, lakini udhuru ule ule mpaka leo husemwa na wazee wa kweli, wanaolia machozi ya kweli: tuligeuka kidogo tu, tulimwacha hapa hapa penye vikapu.

Neno hilo moja ndilo msingi wa nasaha zote zifuatazo.

Kisiwa cha Saanane kimo katika Ziwa Viktoria, karibu sana na mji wa Mwanza. Jina lake latokana na Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akikaa humo zamani. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi hii. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba. Na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Eneo lake, pamoja na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18, nayo ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Tanzania. Chombo hupandwa Capri Point, na mwendo wake ni wa dakika chache. Huko watoto huona swala pala, tumbili, pimbi wakiota jua juu ya majabali, kenge, mamba, na ndege wa namna nyingi. Yuko pia mjusi wa majabalini, ambaye dume lake lina kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu. Wataalamu wa wanyama wamempa jina la mji wetu huu wa Mwanza. Mtoto aonyeshwe mjusi huyo, kisha aulizwe ni nani aliyempaka rangi zile. Somo la Tauhidi litaingia moyoni mwake bila ya ubao wala chaki.

Sasa twende katika nasaha zenyewe.

Jambo la kwanza ni siku na saa. Msichague Ijumaa, isije Sala ya Ijumaa ikapotea kwa ajili ya matembezi. Siku ya Idi yenyewe watu huwa wengi, na penye watu wengi mtoto hupotea upesi. Kama yawezekana, ngojeni siku ya pili au ya tatu. Ondokeni asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla upepo wa mchana utokao ziwani haujanyanyua mawimbi. Mkiona mawingu meusi yamekusanyika, ahirisheni. Na kabla ya kuwaahidi watoto, ulizeni kiingilio na nauli, mkahesabu kwa vichwa. Haifai mtu kukopa fedha kwa ajili ya matembezi. Asiye na uwezo mwaka huu, awachukue wanawe wakaketi kivulini mahali pa salama ambapo ziwa laonekana, awapigie hadithi za Mitume. Mtoto hutaka kuwa na mzazi wake kuliko anavyotaka kumwona swala.

Jambo la pili ni kugawana ulinzi. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi kabla ya kutoka nyumbani, kila mtoto mdogo atajiwe mlinzi wake kwa jina: huyu wa mama, huyu wa baba, huyu wa shangazi. Wasiambiwe watu wote kwamba wawatazame watoto wote, kwani mtoto aliyeachiwa wote hana wake. Wala msimtwike binti wa miaka kumi ulinzi wa mdogo wake. Naye ni mtoto, amekuja kufurahi. Wavalisheni nguo za rangi inayoonekana mbali. Mfundisheni kila mtoto jina kamili la baba yake, na namba ya simu iandikwe katika karatasi itiwe mfukoni mwake. Na asiachwe mtoto hata mmoja kulinda vikapu, hali wakubwa wamekwenda kutazama wanyama. Mmekwisha sikia habari ya Yusuf.

Na hapa hapana budi kuitaja simu ya mkononi. Zamani mzee alighafilika kwa mazungumzo au kwa usingizi; siku hizi hughafilika akiwa macho, kichwa chini, akitazama picha aliyompiga mwanawe, wakati mwana mwenyewe amekwisha shuka majini. Pigeni picha moja au mbili za ukumbusho, kisha simu irudi mfukoni.

Jambo la tatu ni chombo. Ufupi wa mwendo huwadanganya wengi. Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuhadithiwa kwamba maji haya si ya kuchezea. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, kikiwa kimepakia watu kupita kiasi chake cha watu 101, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Wale walikuwa karibu kufika. Wangeweza kuiona nchi kavu kwa macho yao. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Basi kila mtu avae jaketi la kujiokolea kabla chombo hakijaondoka, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto, lifungwe vizuri, kwani jaketi kubwa humchomoka akiwa majini. Mama asimfunge mtoto mgongoni kwa kanga awapo chomboni. Ampakate mbele, ili aweze kumshika au kumtoa upesi ikitokea hatari. Watoto wakae chini, wasisimame wala wasitie mikono majini. Ikiwa chombo kimejaa, au jaketi hazitoshi, shukeni, hata kama wenye haraka watawacheka. Aliyechekwa hurudi nyumbani na wanawe. Kisha someni dua ya kupanda chombo iliyomo katika Suratu Zukhruf, aya ya 13 na 14, na watoto waitikie. Wala mtu asidhani kwamba dua yatosha bila ya jaketi, au jaketi bila ya dua. Yule mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutawakali, aliamrishwa kwanza amfunge, kisha atawakali.

Jambo la nne ni maji ya pwani ya kisiwa. Msiwaruhusu watoto kuogelea wala kutia miguu. Hofu ya kwanza ni mamba, nayo watu waijua. Hofu ya pili haionekani kwa macho, nayo ni kichocho. Vijidudu vya maradhi haya hukaa ndani ya konokono wadogo wa maji, hutoka wakati wa jua, na huipenya ngozi ya mtu katika dakika chache tu, bila ya kumwumiza. Baadaye hudhuru matumbo na ini. Basi mtoto aliyekwisha ingia ziwani, kisha akaumwa na tumbo au akaonekana na damu katika choo, apelekwe hospitali akapimwe. Dawa yake iko, yaitwa praziquantel.

Kwa sababu hiyo, msishuke ziwani kutawadha. Chukueni dumu la maji kutoka nyumbani, yatoshe kwa udhu na kwa kunawa. Ya kunywa yawe yamechemshwa. Udhu hautaki maji mengi, Mtume (s.a.w.) alitosheka na kiasi kidogo.

Jambo la tano ni wanyama. Wale si vitu vya kuchezea. Ni umma mfano wetu, kama tulivyoelezwa katika Suratul An'am. Mtume (s.a.w.) alitupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Basi mtoto asitupe jiwe kwa pimbi, wala asimfukuze swala. Msiwalishe tumbili, tumbili aliyezoea kulishwa na watu hugeuka mnyang'anyi, akampokonya mtoto chakula na kumwumiza mkono. Vikapu vifungwe. Majabali nayo huteleza, na katika nyufa zake wamo nyoka. Kwa hiyo watoto wasiingize mikono katika matundu, na wavae viatu vya kufunga, si kandambili. Mwongozaji wa hifadhi akisema simameni, simameni. Kumtii katika hilo ni sehemu ya adabu.

Jambo la sita ni chakula na Sala. Chukueni vyakula visivyoharibika upesi, kama mihogo ya kuchemsha, chapati na matunda. Mkutanisheni kila mtoto na adabu ambayo Mtume (s.a.w.) alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama: kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Takataka zote zirudi mjini ndani ya kikapu. Ni aibu watu wa dini ya usafi wajulikane kwa taka walizoziacha.

Adhuhuri ya Mwanza huingia kati ya saa sita na nusu na saa saba na dakika chache, kwa kadiri ya miezi. Chukueni misala. Kibla kwa hapa ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Wala mtu asifupishe Sala kwa kudhani kuwa amepanda chombo basi amekuwa msafiri. Mwendo huu haufiki masafa ya safari. Salini kwa zamu, kundi moja lisali na jingine liwatazame watoto. Na mdogo akilia, mama asione dhiki kumbeba, Mtume (s.a.w.) alisali hali amembeba Umama, mjukuu wake. Mtoto aliyewaona wazee wake wakisujudu juu ya jabali katikati ya siku ya furaha, atajua kwamba Sala haina uadui na furaha.

Jambo la saba ni kurudi. Msingoje chombo cha mwisho. Mtume (s.a.w.) ameamrisha watoto wazuiwe ndani usiku unapoingia, nasi tumeona katika kila mji kwamba jioni ndipo msongamano na haraka huzidi. Kabla ya kupanda chombo, wahesabuni watoto kwa majina. Mkishuka Capri Point, wahesabuni tena. Asiyeitika asidhaniwe kwamba yuko nyuma na shangazi. Atazamwe kwa macho.

Enyi vijana mnaosoma haya, nanyi mna sehemu yenu. Mkienda na wadogo zenu, msiwe kama ndugu zake Yusuf, waliotaka ruhusa ya baba bila ya kubeba amana yake. Jitoleeni kumshika mkono mdogo mmoja. Huo ni ukubwa kuliko kushinda mbio.

Nanyi akina baba, siku moja kwa mwaka msiwatume watu wengine na fedha, nendeni wenyewe. Mali mtakayoiacha itagawanywa. Siku mliyowashika mikono watoto wenu juu ya majabali ya Saanane, hiyo haigawanyiki, kila mmoja ataichukua yote.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu katika nchi kavu na majini, atujaalie tuwe wachunga wasioghafilika, na awafanye watoto hao kuwa burudisho la macho yetu. Amin.