Walinzi wa Watoto na Hofu ya Elwak

Filamu ya katuni iitwayo Rise of the Guardians, iliyotolewa na kampuni ya DreamWorks mwaka 2012, ni kazi ya kusifika. Peter Ramsey, aliyeielekeza kwa kufuata vitabu vya William Joyce, amewakusanya Baba Krismasi, Sungura wa Pasaka, mleta ndoto, mkusanya meno ya watoto na kijana wa theluji, wawalinde watoto wa dunia dhidi ya Pitch, bwana wa hofu. Nguvu za walinzi hao hutokana na imani ya watoto. Mtoto akiacha kuwaamini, nao hudhoofika.

Je, ndugu mwalimu, filamu hii itamwambia nini mwanafunzi wa Elwak? Theluji hajapata kuiona, na Krismasi na Pasaka si sikukuu za nyumbani kwao. Katika kundi lote hilo naona mgeni mmoja tu atakayemtambua mara moja, naye ni Pitch.

Hofu ina tarehe zake katika nchi hii ya kaskazini mashariki. Mnamo Novemba 22, 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi waliuawa, na wengi miongoni mwao walikuwa walimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, kisha walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa. Mtoto aliyemkosa mwalimu wake wa hisabati hahitaji kuelezwa maana ya bwana wa hofu.

Wasomali walikuwa na jibu lao zamani. Dhegdheer, yaani mwenye sikio refu, ni mwanamke mla watu ambaye husikia nyayo za msafiri kutoka mbali na kumkimbilia kwa kasi isiyo na kifani. Watoto husimuliwa habari zake usiku, nao hujikunyata. Hata hivyo, yumo binti yake mwenye huruma awafichaye wasafiri, na mwishowe Dhegdheer hufa, mvua ikanyesha na malisho yakachipuka. Mimi naipenda hadithi hii kuliko ile ya DreamWorks, kwa kuwa wokovu wake hautoki angani wala kwenye barafu ya kaskazini. Hutoka ndani ya nyumba ya adui, kwa mtu aliyeamua kutotenda kama jamaa yake.

(Ajabu ni kwamba mwaka 2007 hadithi hiyo ilichapishwa kwa Kisomali na Kiingereza huko Minnesota, Marekani, ikisimuliwa upya na Marian A. Hassan, kwa ajili ya watoto wa wahamiaji. Ni shule ngapi za Mandera zilizo na nakala?)

Tena Elwak haikosi mlinzi wa kweli. Mnamo Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na mji huu. Washambuliaji waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, nao wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao hijabu wajifunike. Miongoni mwa waliokataa alikuwamo Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, ambaye alipigwa risasi na kufariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Hakuwa na mbawa wala fimbo ya barafu. Alikuwa mwalimu akirejea kazini, mwenye mshahara ule ule tuujuao sote.

Tukio hilo lilizaa filamu fupi, Watu Wote, ya mwaka 2017. Ilielekezwa na Katja Benrath, mwanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Ningependa wanafunzi wa madarasa ya juu waione, na wale wadogo waachiwe Dhegdheer na nyanya zao. Ina dakika 22 hivi. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo nafasi ya maswali itabaki, na maswali hayatakosekana.