Kuitengeneza Nyumba Kabla ya Kuiuza: Lipi ni Halali na Lipi ni Ghushi?

 

Nyumba nyingi zinazouzwa hapa visiwani ni za urithi. Mzee amefariki, watoto wametawanyika, mmoja Unguja, mwengine Pemba, mwengine Maskat, na ukoo umekubaliana nyumba iuzwe kila mtu apate chake. Hapo husemwa: tuipige rangi kwanza, ipate bei. Jambo hilo ni jema, lakini lina mipaka yake katika Dini.

Asli ya kuitengeneza bidhaa ni halali. Anayeziba paa linalovuja, akabadilisha bati zilizooza, akatengeneza mabomba, choo na karo, na akamwita fundi kuondoa nyaya za umeme zilizochakaa, ameongeza thamani ya kweli. Mnunuzi analipia kitu anachokipata. Ni halali pia kufagia uwa, kufyeka majani, kupaka chokaa na kufungua madirisha ili nyumba ionekane vizuri. Kwa kawaida kazi hizi ndogo hurejesha gharama yake kuliko kuvunja jiko zima na kujenga jipya, kwani mnunuzi huenda akalivunja tena kwa matakwa yake.

Haramu huanzia pale tengenezo linapokuwa pazia. Imepokewa katika Swahiyh Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tuzingatie: mtu yule hakusema uongo wowote. Kosa lake ni kuliweka kavu juu na bichi chini.

Sasa tuitazame nyumba ya mawe na chokaa, kama zilivyo za Mji Mkongwe. Ukuta wake hunyonya unyevu na kuutoa taratibu kupitia chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, unang'ara siku ya kuonyeshwa. Lakini unyevu umefungiwa ndani. Baada ya muda chumvi husukuma rangi ikabanduka, na ncha za boriti zilizomo ukutani huanza kuoza. Muuzaji anayejua kuwa ukuta unavuta maji, akaufunika hivyo ili usionekane, basi rundo lake ni lile lile la chakula. Dawa ya kweli ni kuziba chanzo cha maji, kisha kupiga lipu ya chokaa. Na kwa nyumba iliyomo Mji Mkongwe, ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi itakiwe kabla ya fundi kuanza.

Wanachuoni wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy wameingiza katika mlango huu mtu anayezuia maji ya kinu kisha akayafungulia wakati wa kuuza, ili mnunuzi adhani yanakwenda kwa nguvu daima. Kwa kipimo hicho, anayejaza tangi kwa maji ya kununua na kumwambia mteja afungue mfereji aone, huku akijua mfereji haupati maji, ameghushi. Vile vile anayesogeza kabati mbele ya ufa, au anayepaka vanishi juu ya mbao zilizoliwa na mchwa.

Je, kusema "nauza kama ilivyo" kunatosha? Hakumuondolei muuzaji dhambi ya kasoro anayoijua akainyamazia. Katika Hadiyth ya 'Uqbah bin 'Aamir iliyopokewa na Ibn Maajah, si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro bila ya kumbainishia. Na mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa, na inayopunguza thamani, ana khiyari ya kuirejesha nyumba na kudai pesa zake, asikawie.

Linabaki suala la gharama, nalo ndilo linalogombanisha ndugu. Baada ya kulipwa madeni ya marehemu na kutekelezwa wasia wake, nyumba ni mali ya warithi wote. Tuseme ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na nyumba imeuzwa kwa shilingi milioni 80. Mke anapata thumni, milioni 10. Zinazobaki milioni 70 wanagawana watoto: kila mwanamume milioni 28, na mwanamke milioni 14. Matengenezo yakiwa ya milioni 4, wakikubaliana kuyabeba kwa mafungu yao, mke atabeba 500,000, kila mwanamume 1,400,000, na mwanamke 700,000. Ama ndugu anayeamua peke yake kumwita fundi, kisha siku ya mgao akatoa karatasi ya madai, huenda akahesabiwa kuwa amejitolea. Basi waandikiane mapema: kazi gani, kwa kiasi gani, nani anatanguliza pesa. Ikiwa miongoni mwao yumo yatima, mali yake isiguswe ila kwa maslaha yake, na Kadhi aulizwe.

Kabla ya rangi pia, tazameni karatasi. Nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi. Na hati iliyobaki kwa jina la marehemu humtia mnunuzi hofu kuliko ufa wa ukuta.

Siku ya mteja kuja, mwenye kuuza amtembeze mwenyewe: hapa palivuja, tumetengeneza, hapa bado panavuta maji wakati wa masika. Huenda bei ikashuka kidogo. Lakini tumefundishwa na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), katika Hadiyth ya Hakiym bin Hizaam, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainishiana, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kudanganyana, baraka hufutwa. Tusimlishe mama yetu mjane thumni iliyotokana na ukuta uliofichwa.

Na Allaah Anajua zaidi.