Nani Ana Ufunguo wa Kabati la Vitabu?

Mwulize kijana yeyote wa Ganda, mwendo mfupi tu magharibi ya mji wa Malindi, kama anasoma. Ikiwa yumo shuleni atakujibu kwamba anasoma. Ikiwa amekwisha kuufanya mtihani wa kidato cha nne, atakujibu pasipo kusita kuwa alimaliza kusoma mwaka juzi. Wala hatakuwa amekiboronga Kiswahili. Kitenzi chetu hiki kimoja kimetwikwa mizigo miwili: kupitisha macho juu ya maandishi ukayafahamu, na kuhudhuria shule. Hali yenyewe ni kongwe, kwani hata neno “chuo” hapo kale lilikuwa na maana ya kitabu na vilevile mahali pa kufundishiwa, na ndiko alikotoka “mwanachuoni” wetu.

Siilaumu lugha. Lugha haina kosa. Husema yale ambayo wenyewe wamezoea kuyatenda. Ninachokihofia ni kwamba tumekubali, walimu na wanafunzi, kuwa maana moja ikikoma na nyingine nayo lazima ikome. Msichana aliyeichambua Chozi la Heri au Nguu za Jadi hadi akaweza kukutajia tamathali za usemi ukurasa kwa ukurasa, huondoka katika chumba cha mtihani akiwa kama mtu aliyetua kuni. Asifunue riwaya tena maisha yake yote!

Nami sidhani kwamba kiini cha tatizo ni uvivu wa vijana, jambo ambalo wazee wetu hupenda kulitaja. Msomaji hafanyiki kwa kuwa na kitabu tu. Hufanyika anapokuwa na mtu wa kumwambia, “Hebu nawe kisome hiki, kisha uje tuzungumze.”

Nitatoa mfano wa mwandishi wa papa hapa Kilifi. Marehemu Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe, alituandikia riwaya tatu: Ukiwa mwaka 1975, Mafuta mwaka 1984 na Walenisi mwaka 1995. Alikuwa mhadhiri wa elimujamii, akawekwa kizuizini mwaka 1986 kwa sababu za kisiasa, na akafariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004. Katika Walenisi, mtu mmoja aitwaye Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo kirukacho angani ili akaangamie, lakini akafika katika ulimwengu mwingine ambao watu wake wanaishi kwa usawa.

Ukiisoma riwaya hiyo peke yako, kimya kimya, yamkini utaichukulia “Walenisi” kuwa ni jina tu la nchi ya kubuni, kama yalivyo majina mengine ya vitabuni. Mpe mwenzako akutamkie jina hilo polepole. Wale-ni-sisi! Wale watu wa mbali waliostaarabika, wanaogawana walicho nacho, ni sisi wenyewe, au ndio sisi tuliopaswa kuwa. Sikio limefichua kilicholipita jicho. Nimeifundisha riwaya hii mara kadhaa, na kila mara ni mwanafunzi mmoja anayeing’amua siri hiyo, kisha darasa zima likaguna. Sijawahi kuona mguno huo ukimtoka mtu aliyejifungia chumbani na kitabu chake.

Tena kuna hilo jina Dzombo. Kwa mwanafunzi wa bara ni jina gumu, lenye konsonanti asizozizoea. Kwa mtoto wa Kigiriama anayesema “madzi” nyumbani na kuandika “maji” shuleni, anayeitwa “dzina” lake na mamake na “jina” lake na mwalimu, sauti hiyo ni ya mlangoni kwao. Kuikuta ndani ya riwaya ya Kiswahili, si kwa mtumishi wala mjinga wa kuchekwa bali kwa shujaa mwenyewe, ni jambo linaloweza kumfanya mtoto akaliita jirani lake alione. Lakini ni watoto wangapi wa Ganda waliowahi kuitia mkononi nakala ya Walenisi?

Watu wa pwani hii hawakuwa wageni wa kupitishiana maandishi. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi wa karne ya 19, hazikutufikia kwa sababu ya kiwanda cha kupiga chapa. Zilihifadhiwa vifuani mwa watu na katika karatasi zilizonakiliwa kwa mkono. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya, akampa Mwingereza W. E. Taylor, na hatimaye Hichens akazitoa kitabuni huko Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mshairi kuzikwa. Huko Lamu, Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kunakili tendi kwa hati nzuri ili wengine wazisome. Kila kiungo katika mnyororo huo kilikuwa ni mtu aliyependa alichokisoma kiasi cha kutotaka kubaki nacho peke yake.

Serikali nazo zilijaribu kwa njia zao. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, halikuchapisha vitabu tu bali pia lilisambaza masanduku ya vitabu vya kuazimwa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, na dunia nzima ikaja kupiga picha. Katiba ya mwaka 2010 ikazikabidhi maktaba kwa kaunti, katika orodha ileile inayotaja kamari, leseni za pombe na majumba ya sinema. (Msomaji na ajiulize ni kipi katika orodha hiyo kinachoshughulikiwa kwa bidii zaidi.) Kisha sheria ya mwaka 2013 ikavitia vitabu katika kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mzazi anayeishi kwa mihogo na korosho hahitaji kufafanuliwa maana yake.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kuazimana, na hapa lugha yetu inatufaa sana. Kiswahili hutofautisha kukopa na kuazima. Ukikopa kibaba cha unga, unaula, kisha unarudisha unga mwingine. Ukiazima jembe, unarudisha jembe lilelile. Tena kitenzi “azima” humtosha mpaji na mpokeaji: mimi nimeazima kwako, nawe umeniazima. Kitabu ni kitu cha ajabu kwa kuwa huazimwa na kukopwa kwa pamoja. Karatasi hurejea zilezile. Kilichomo ndani mtu hukila, na akipenda hulipa kwa kingine, yaani kwa kukuambia alichokiona ambacho wewe hukukiona.

Walimu wenzangu, kabati la vitabu shuleni mwetu lina kufuli. Nimeyaona makabati hayo kwa macho yangu katika shule kadhaa za pwani. Mwenye ufunguo aghalabu hayuko, na akiwapo huogopa, maana kitabu kikipotea atadaiwa yeye. Simcheki, mshahara wake naujua. Lakini nimeona pia kabati lililofunguliwa baada ya miaka, mchwa wakiwa wamekwisha kuzila riwaya kutoka nyuma hadi katikati, na hakuna aliyedaiwa hata senti. Tuna utaratibu wa kumwadhibu anayepoteza kitabu kwa kukitoa, wala hatuna wa kumwuliza anayekipoteza kwa kukificha.

Wapo wanaoniambia kwamba siku hizi vijana hupelekeana kurasa kwa simu. Ni kweli, na mara nyingi ni kurasa zilizopigwa picha pasipo idhini, mwandishi asipate chochote. Hilo silitetei. Nakala moja iliyonunuliwa kwa haki, ikapita mikononi mwa wasomaji ishirini wa kijiji kimoja hadi jalada likachakaa, haimwibii mwandishi kitu.

Shule zisisubiri kaunti. Na waanze walimu wawili watatu, alasiri moja kwa wiki, chini ya mwembe ikibidi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakimkatiza watakavyo. Wasialikwe wanafunzi peke yao. Waitwe na wale waliokwisha “kumaliza kusoma”, waendesha bodaboda na mama wauza mahamri. Vitabu vitolewe kabatini, na daftari la kawaida lipigwe mistari: jina la msomaji, jina la kitabu, tarehe ya kuchukua. Mimi ningeongeza safu moja zaidi, ya jina la anayengojea zamu yake.