Onyesha mzigo moja kwa moja kwa simu: mtaji mdogo unatosha

Mnunuzi wa Ngara au Kahama anayetaka maharage ya Muyinga ana njia mbili: avuke Kobero akakague mwenyewe, au alipe kwa kuamini picha ambayo huenda ilipigwa mwezi uliopita. Video ya moja kwa moja inampunguzia nauli na hasara, na muuzaji wa Muyinga au Gitega anaweza kuianza bila kununua kamera.

Mahitaji ya kwanza ni manne: simu ya kisasa, kifurushi cha intaneti, betri ya akiba kwa ajili ya siku umeme unapokatika, na kitu cha kuishikilia simu isitikisike. Fedha ikibaki, inunuliwe maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati, kwani kelele za sokoni humeza maelezo ya muuzaji.

Matangazo mengi huharibiwa na mtandao. Anayerusha video hupeleka data, hivyo apime kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa, yaani 75 kwa dakika 10. Ni vyema kujaribu laini za kampuni mbili pale pale ghalani, saa ile ile ya kurusha.

Kwa wateja wanaofahamika, simu ya video ya WhatsApp inatosha, nayo hupokea watu hadi 32. Kwa wateja wengi, Facebook inafaa zaidi. Hata hivyo, tangu Juni 2024 inataka akaunti iwe na siku 60 na ukurasa uwe na wafuasi 100, hivyo ufunguliwe mapema. Aidha, tangu Februari 2025 rekodi za matangazo hayo hufutwa baada ya siku 30. Muuzaji aipakue na kuihifadhi, kwani itakuwa ushahidi ukitokea ubishi.

Saa nazo huwachanganya wengi. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja: saa 4 asubuhi Muyinga ni saa 5 Ngara. Tangazo litaje saa za pande zote mbili.

Wakati wa kurusha, muuzaji aandike tarehe ya siku hiyo na jina la mnunuzi kwenye karatasi, aiweke juu ya mzigo, kisha apime mbele ya kamera. Gunia la kufunguliwa alichague mnunuzi, maana lililochaguliwa na muuzaji huenda ndilo zuri peke yake.

Wasafirishaji nao wanaweza kuonyesha upakiaji, turubai na sili kabla gari halijaondoka. Wafanye hivyo kwa mwenye mzigo tu, kwani kutaja hadharani saa ya kuondoka na njia ni kuwaita wezi. Nyaraka na namba za siri za malipo zisionekane, na ruhusa iombwe kabla ya kupiga picha yoyote eneo la forodha.

Video inathibitisha mzigo upo leo, lakini haithibitishi kwamba ndio utakaofika kesho. Mkataba wa maandishi bado unahitajika, na sehemu ya malipo ibaki hadi mzigo upokelewe na kupimwa tena.