Si Kila Mazigazi ni Uongo

Miaka kadhaa iliyopita nilimtendea mwanafunzi wangu mmoja jambo ambalo hadi leo linanikera moyoni. Kijana huyo, mzaliwa wa visiwa vya Lamu, aliandika katika insha yake kwamba babu yake, aliyekuwa mvuvi, alikuwa akikiona asubuhi fulani fulani kisiwa ambacho kwa kawaida hakionekani kutoka ufukoni kwao, kimeinuka juu ya maji kana kwamba kimesogezwa karibu. Nami kwa kalamu yangu nyekundu nikaandika pembeni: "Haya ni mazigazi, si ushahidi." Nikamkata alama mbili.

Leo nakiri kwamba aliyekosa ni mimi, na kosa langu lilianzia katika neno lenyewe.

Mazigazi, au sarabi kama wasemavyo wengine kwa kufuata Kiarabu, aghalabu hutufikirisha yale maji yanayometameta juu ya lami au katika jangwa la Chalbi jua likiwa kali. Hapo hewa iliyogusana na ardhi huwa na joto kuliko iliyo juu yake, nayo miale ya mwanga hupinda kuelekea juu. Msafiri huona kipande cha mbingu kikiwa chini, akadhani ni ziwa. Ndipo neno hili likachukua maana ya pili: ahadi tupu, jambo lisilokuwapo.

Lakini ipo hali iliyo kinyume cha hiyo. Hewa baridi ikitanda juu ya bahari, na hewa yenye joto ikaifunika, miale hupinda kuelekea chini na kuufuata mviringo wa dunia. Kitu kilichofichika nyuma ya upeo wa macho huinuliwa, kikaonekana. Kitu hicho kipo, ila tu hakipo pale hasa tunapokiona.

Mnamo Julai 1797, William Latham alikuwa Hastings, kusini mwa Uingereza. Alasiri moja aliona kwa macho matupu majabali ya pwani ya Ufaransa, iliyo umbali wa maili 40 hadi 50. Mabaharia na wavuvi waliokuwapo hawakusadiki mara moja. Hata hivyo, majabali yalipozidi kuinuka, walianza kumwonyesha sehemu mbalimbali walizozoea kuzizuru, na kumtajia kila moja kwa jina lake. Tafakari hapo, ndugu msomaji. Yule msomi alikuwa na macho, lakini waliojua kinachoonekana ni wavuvi.

Gerrit de Veer hakubahatika hivyo. Januari 1597, akiwa amekwama barafuni pamoja na Willem Barentsz huko Novaya Zemlya, kaskazini mwa Urusi, aliandika kwamba wameliona jua takriban wiki mbili kabla ya siku yake. Barentsz mwenyewe alimpinga, na wataalamu wa baadaye wakamtilia shaka. Ilipofika mwaka 2003, wanasayansi walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba matabaka ya hewa baridi yangeweza kabisa kulileta jua lile machoni pake. Karne nne zilikuwa zimepita.

Sisemi kwamba kila kionekanacho kipo. Robert Peary alidai kuwa mwaka 1906 aliona nchi kavu katika Bahari ya Aktiki. Waliokwenda kuitafuta mwaka 1914 hawakukuta ila barafu. Hoja yangu ni kwamba neno halipaswi kutoa hukumu kabla ya shahidi kusikizwa. Tukiyaita mazigazi maji yasiyokuwapo, na tukakiita mazigazi kisiwa kilichopo, basi tumemweka mkweli na mwongo katika kizimba kimoja.

Wenzangu katika taaluma hii wataniambia kwamba dawa ni kuunda istilahi mpya. Huenda. Lakini kabla hatujaketi mezani kuunda, ingefaa kwanza twende ufukoni tukaulize, kwani kuuliza si ujinga. Yamkini babu yule alikuwa na neno lake la kukiitia kisiwa kinachoinuka, neno alilorithi kwa wavuvi waliomtangulia. Mjukuu wake alikaa mbele yangu mwaka mzima, nami, mwalimu wa isimu, sikumwuliza.