MIMBA, SHERIA NA DADA ZETU WENYE ULEMAVU: NANI AULIZWE?

Safari hii tunagusa jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja mbele ya watu, na zaidi sana kanisani. Ni habari ya kutoa mimba, na vile sheria ya Kenya inasema wakati mwenye mimba ni mwanamke au msichana mwenye ulemavu. Tunaandika kwa sababu hapa kwetu Nyamira, toka Manga mpaka Borabu, watu wanaamua mambo haya gizani, na anayeumia ni yule ambaye hakuulizwa.

Maneno mawili husikika sana vijijini. La kwanza ni hili: "Huyu hawezi kulea mtoto. Mimba itolewe haraka kabla watu hawajajua." La pili: "Wacheni azae tu, Mungu ndiye anajua," hata kama mama mwenyewe amevimba uso, kichwa kinamuuma na macho hayaoni vizuri. Mtu anaweza kudhani maneno haya mawili yanapingana. Lakini ukiyapima utaona ni ndugu wa tumbo moja. Katika yote mawili, familia imekaa, imeamua, na mwenye mimba yuko jikoni, hajaulizwa neno.

Msimamo wa Kanisa

Wacha tuseme wazi ili mtu asituelewe vibaya. Kanisa linafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, na fundisho hilo halijabadilika. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa walipinga rasimu ya Katiba kwa sababu ya kifungu kinachohusu mimba. Hata hivyo wananchi walipiga kura tarehe 4 Agosti 2010, na Katiba ikazinduliwa tarehe 27 Agosti mwaka huo. Leo ndiyo sheria inayotulinda sote.

Kueleza sheria si kumtuma mtu akatoe mimba. Lakini mkristo asiyejua sheria anaweza kumwacha dada yake afie kitandani akifikiri kwamba kumpeleka hospitali ni kosa. Hilo nalo ni kupoteza uhai.

Katiba inasema nini?

Kifungu cha 26 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Halafu sehemu ya 4 inasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu:

1. kuna haja ya matibabu ya dharura; au
2. uhai au afya ya mama iko hatarini, au
3. kuna sheria nyingine iliyoandikwa inayoruhusu.

Huyo mhudumu ni nani? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inajibu. Anaweza kuwa daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, mradi amefundishwa kushughulikia matatizo ya mimba na ana leseni halali. Mwenye duka la dawa sokoni asiye na ujuzi huo hayumo. Mama wa mitishamba hayumo. Anayekuja usiku na mfuko wa vyuma hayumo kabisa.

Na afya ni nini? Sheria hiyo hiyo inasema afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu kati ya watu. Si kukosa ugonjwa tu.

Nje ya nafasi hizo, adhabu bado ni kali. Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na hadi miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa akijua vinakwenda kufanya kazi hiyo.

Ulemavu unaingia wapi?

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea njia. Soma tena nafasi zile tatu. Neno "ulemavu" halimo. Maana yake ni mbili, na zote ni nzito.

Maana ya kwanza: ulemavu peke yake si sababu ya kutoa mimba. Binti kuwa kiziwi, kipofu, au kutembea kwa magongo hakumfanyi awe mgonjwa. Wanawake wengi wenye ulemavu hubeba mimba na kujifungua salama kama mama mwingine yeyote. Kwa hiyo familia ikimburuta binti ikatoe mimba kwa sababu "ni kiwete", hiyo si nafasi ya Katiba. Ni kosa la jinai, na juu yake ni dhuluma.

Maana ya pili: ulemavu peke yake si sababu ya kumnyima mtu matibabu ambayo mwingine angepewa. Mama mwenye kifafa, mwenye mgongo uliopinda sana, au aliyeumia uti wa mgongo anaweza kupata hatari katika mimba ambayo wengine hawaipati. Huyo anatakiwa kupimwa mapema na mara kwa mara, na asiache dawa zake za kifafa bila kuongea na daktari. Mhudumu akiona uhai au afya yake iko hatarini, sheria ni ile ile kwake kama kwa mke wa mwalimu au wa chifu.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 25 kinataka wapewe huduma za afya, pamoja na za uzazi, sawa na watu wengine na kwa ubora ule ule. Kifungu cha 23 kinalinda haki yao ya kubaki na uwezo wa kuzaa. Na Katiba yetu inasema mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Basi mzazi anayempeleka bintiye kufungwa uzazi kwa siri, akisema "ni kwa usalama wake", ajue anamnyang'anya kitu ambacho sheria inakilinda. Tena kufunga uzazi hakumzuii mbakaji. Kunamficha tu, kwa maana mimba haitaonekana.

Msichana wa Kisii

Iko kesi moja inayotuhusu kwa karibu, kwa sababu ilianzia hapa jirani, Kisii. Mwaka 2014 msichana wa shule alinajisiwa na mtu mzima akapata mimba. Hakusema. Mimba ikatolewa kwa njia isiyo salama, akaanza kutapika na kuvuja damu. Alihamishwa hospitali hadi hospitali, figo zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki.

Msichana huyo hakuwa mlemavu alipofanyiwa hayo. Tunamtaja kwa sababu kesi aliyofungua mama yake pamoja na Shirikisho la Mawakili Wanawake, FIDA-Kenya, ndiyo iliyofafanua kifungu cha 26. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilikuwa imetoa mwongozo wa kupunguza vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama. Desemba 2013 ikauondoa, na mapema 2014 ikakataza wahudumu kufundishwa kazi hiyo. Wahudumu wakaogopa.

Mwezi wa Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu, Nairobi, waliamua kwamba kuondoa mwongozo ule kulikiuka haki za wanawake. Walisema kutoa mimba kunabaki kuwa haramu isipokuwa kwa nafasi zilizo katika Katiba. Wakaongeza kwamba mimba iliyotokana na kubakwa au kunajisiwa inaweza kutolewa ikiwa, kwa maoni ya mhudumu aliyehitimu, inahatarisha uhai au afya ya mama, yaani mwili, akili na maisha yake. Serikali iliamriwa kumlipa mama wa marehemu shilingi milioni 3.

Sasa fikirini. Yule msichana alikuwa na mdomo wa kusema na miguu ya kutembea, na bado alinyamaza. Je, yule asiyesikia, ambaye hakuna nyumbani anayejua lugha ya ishara, atamwambia nani?

Aulizwe vipi?

Tuchukue mfano. Binti kiziwi wa miaka 22 anaishi na kaka yake na mke wa kaka. Ana mimba ya miezi 3 na presha iko juu sana. Katika chumba cha daktari, kaka ndiye anaongea. Daktari anamwuliza kaka, kaka anajibu, karatasi inatiwa sahihi. Binti anatazama midomo yao tu.

Hii si sawa, iwe kaka anataka mimba itolewe au anakataa. Binti wa miaka 22 ni mtu mzima. Sheria ya Afya inasema matibabu yafanyike kwa ridhaa ya mgonjwa, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Kama ni Ekegusii, aelezwe kwa Ekegusii. Kama ni lugha ya ishara, atafutwe mkalimani, na asiwe yule ambaye anaweza kuwa ndiye mwenye kosa. Asiyeona asomewe karatasi yote kabla ya kuweka kidole. Mume, kaka, mama mkwe au mchungaji anaweza kushauri akiombwa. Sahihi si yake.

Na mwenye ulemavu wa akili je? Kwanza asidhaniwe hajui kitu. Wengi wanaelewa wakielezwa polepole, kwa maneno mafupi, kwa picha, tena na mtu wanayemwamini. Ikionekana kweli hawezi kutoa ridhaa, sheria inataka itolewe na mtu aliyemwidhinisha yeye mwenyewe kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka na sheria au na mahakama. Si kila jamaa aliyetangulia kufika. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 mzazi au mlezi anahusishwa, lakini Katiba inasema masilahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Ikiwa mlezi ndiye anashukiwa, mwone afisa wa watoto.

Dharura haingoji mikutano. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mama anayevuja damu baada ya mimba kuharibika, hata kama inasemekana aliitoa mwenyewe, lazima atibiwe. Hospitali si kituo cha polisi. Mpelekeni mara moja, Hospitali ya Rufaa ya Nyamira au kituo chochote kilicho karibu.

Akibakwa, saa zinahesabika

Mimba nyingi za namna hii zingezuiwa kama jamaa wangekimbia hospitali badala ya kukimbia kwa wazee. Tafadhali shikeni haya:

- Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki.
- Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hutolewa ndani ya saa 72. Ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri.
- Hospitali ijaze fomu ya matibabu ya aliyebakwa, na polisi watoe fomu ya P3.
- Simu ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Ya watoto ni 116.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inasema ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Inaruhusu pia shahidi mwenye ulemavu wa akili atoe ushahidi kwa kusaidiwa na mtu wa kati. Kwa hiyo maneno ya "huyo hawezi kwenda kortini" si kweli. Na kesi ya ubakaji haimalizwi nyumbani kwa mbuzi na soda. Mbuzi ataliwa na wazee. Binti atabaki na kidonda, na mbakaji atarudi.

Sisi tufanye nini?

Kamati za maendeleo na vikundi vya akina mama wanaweza kuanza na haya machache:

1. Kila jumuiya ijue nyumba zenye wasichana na wanawake wenye ulemavu, na mama mmoja anayeaminika awatembelee, aongee nao wenyewe bila jamaa kusimama mlangoni.
2. Tutafute watu wawili au watatu katika kila kanisa wajifunze lugha ya ishara. Isitumike kwa mahubiri peke yake, itumike kliniki pia.
3. Tuulize zahanati yetu: kiti cha magurudumu kinapita mlangoni? Kitanda cha kupimia kinashuka chini? Kama hapana, tupeleke jambo hilo kwa kamati ya zahanati na kwa mwakilishi wa wadi.
4. Anayehitaji wakili na hana pesa asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliwekwa kwa ajili yake.
5. Msichana akizaa, tusimwache. Kanisa linalosema mtoto azaliwe lilete pia maziwa, nguo na mtu wa kumsindikiza kliniki.

Mkiwa na jambo kama hili nyumbani, kabla ya kumpigia mjomba Nairobi na kabla ya kuita kikao cha ukoo, ingieni jikoni mkae naye chini. Mwulizeni kwa lugha yake: umeumia wapi, nani alikufanyia hivi, na wewe mwenyewe unataka nini? Halafu mnyamaze, mumpe nafasi ajibu.