Nauli Pekee Haiendeshi Garimoshi la Kale

Mwanafunzi wangu mmoja wa isimu aliniuliza swali lililonitatiza. Alitaka kujua kwa nini twaliita garimoshi ilhali yeye, aliyesafiri kwa reli mpya ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka 2017, hajapata kuona moshi unaostahili jina hilo. Nilimjibu kwamba neno laweza kuishi muda mrefu kuliko kitu linachokitaja.

Jawabu lilimtosha yeye, wala halikunitosha mimi. Neno huhifadhiwa bila gharama, kwani ghala lake ni kinywa cha msemaji. Chombo cha chuma hakihifadhiwi hivyo. Hakina budi kupakwa mafuta, kutengenezwa na kulindwa, na kutu haiheshimu historia. Je, ni nani atakayelipa?

Wenzetu wa Wales walilikabili swali hili mwaka 1950. Reli ndogo ya Talyllyn, isiyozidi kilomita 12, ilijengwa katika miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba hadi mji wa pwani wa Tywyn. Machimbo yalifungwa mwaka 1946, na mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, akafariki mwaka 1950. Mwandishi L.T.C. Rolt na wenzake walikutana mjini Birmingham, wakaunda chama, na mnamo Mei 1951 chama hicho kikaanza kusafirisha abiria. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Leo Uingereza ina reli nyingi za aina hiyo.

Msomaji asidhani kuwa mapenzi ya watu hao yalitosha kulipa madeni. Tangi la mvuke la kichwa cha garimoshi hufunguliwa na kukarabatiwa upya kila baada ya miaka kumi hivi, na kazi hiyo hugharimu fedha nyingi mno. Makaa ya mawe nayo yamekuwa adimu. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022 bei ilipanda, na mwishoni mwa mwaka 2023 machimbo makubwa ya Ffos-y-fran, yaliyokuwa yakizipatia reli hizo makaa ya nyumbani, yakaacha kuchimba. Kabla ya hapo maradhi ya Covid yalikuwa yamewazuia abiria mwaka 2020. Mnamo Machi 2021 kampuni iliyoendesha reli ya Llangollen, papo hapo Wales, iliwekwa chini ya mrasimu. Reli yenyewe haikufa, kwa sababu shirika la hisani la wapenzi wake liliichukua na kuifufua mwaka uo huo.

Nauli haijapata kuzibeba gharama hizi zote, ndipo wahifadhi wakatafuta vijito vingine vya mapato. Wapo wanaoandaa chakula cha jioni ndani ya mabehewa, na wapo wanaowatoza wageni ada ili waonje kuendesha kichwa cha garimoshi chini ya uangalizi. Mwezi wa Desemba watoto humiminika kumwona Baba Krismasi garini, na kwa reli nyingi huo ndio msimu wa mavuno. Watengenezaji wa filamu nao hulipa. Stesheni ya Goathland, katika reli ya North Yorkshire Moors, ilionekana katika filamu ya kwanza ya Harry Potter mwaka 2001, na wageni wangali wanaizuru kwa sababu hiyo.

Mbinu hizi zinafaa pale tu zinapouza kile ambacho reli peke yake inacho. Chakula chaweza kuliwa popote, lakini si mahali pengi utakapokila huku mvuke ukikuvuta bondeni. Reli ikigeuka uwanja wa michezo ambamo garimoshi ni pambo tu, itapata fedha na kupoteza sababu ya kuzitafuta. Juu ya yote, nguzo kuu si karamu wala filamu, bali ni wanachama: watu wanaotoa ada ya mwaka, wanaoshinda karakanani mwishoni mwa juma bila malipo, na wanaoiachia reli sehemu ya urithi wao. Hao hawaondoki msimu ukiwa mbaya.

Natuje nyumbani. Jumba la makumbusho ya reli la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1971. Humo mna behewa ambamo Charles Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900. Humo pia mna Mount Gelai na Mount Shengena, vichwa vya garimoshi vilivyoundwa mjini Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vichwa vya aina hiyo vilikuwa 34. Vimesalia hivyo viwili tu, na vikioza hakuna kiwanda kitakachotuundia vingine.

Wapo watakaosema kwamba nchi ambayo baadhi ya wanafunzi wake hawana madawati haipaswi kugharamia masalio ya mkoloni. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, reli ile haikujengwa kwa mikono ya mkoloni. Ilijengwa na Waafrika na na watu wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 miongoni mwa hao wa Bara Hindi walifia kazini. Kuacha ioze si kumwadhibu mkoloni. Zaidi ya hayo, siiombi Hazina ya serikali. Naomba tuunde chama, chenye ada ambayo mwalimu wa kawaida aweza kuimudu, kisha chama hicho kitafute mapato ya harusi, filamu na safari fupi za mvuke.

Nina sababu nyingine, ya kitaaluma. Madereva na mafundi waliohudumia vichwa vile ni wazee sasa, na wengi wametangulia mbele ya haki. Walikuwa na majina yao ya vifaa, ya milio na ya hitilafu, maneno ambayo siyaoni katika kamusi zetu. Niliposema kwamba neno huhifadhiwa bila gharama, nilisahau kwamba kinywa nacho hufumbwa.

Basi walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi makumbushoni muhula huu, nanyi wanafunzi mwende na madaftari. Lipeni kiingilio, kisha mtafuteni mzee mmoja aliyepata kufanya kazi ya reli, mmwulize alikuwa akiviitaje vitu vile. Nami nimemwahidi yule mwanafunzi wangu kwamba tutakwenda pamoja.